Winchester 1897 ya marehemu baba mkubwa: ni ya mwaka gani, ina thamani gani, na je, inafaa kupigwa?

Kijana_wa_Limuru
Hamjambo wanajamvi. Baba mkubwa, aliyekuwa mkulima upande wa Limuru, ametuachia shotgani ya pampu (hujazwa kwa kuvuta na kusukuma kipande cha mbele) ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ambayo aliimiliki kwa cheti tangu kabla sijazaliwa. Kwa kuwa cheti cha silaha hutolewa kwa mtu na si kwa ukoo, tuliisalimisha kwa polisi mara tu baada ya mazishi, na kwa idhini yao sasa imehifadhiwa kwa muuzaji mwenye leseni hapa Nairobi huku ombi langu likisubiri uamuzi wa Bodi ya Leseni za Silaha. Niliruhusiwa kuitazama mbele ya fundi na kunakili kila alama niliyoiona.

Nyundo yake iko nje, nyuma ya kiwiliwili cha chuma. Chini ya kiwiliwili kuna herufi E, kisha nambari ya tarakimu sita inayoanza na 4, na nambari hiyohiyo imerudiwa chini ya kipande cha mbele kinachobeba mtutu. Maandishi yanasema Winchester, Model 1897. Mtutu una urefu wa inchi 30 na umepigwa chapa ya FULL. Kuna alama ya mviringo yenye herufi W na P juu ya mtutu na juu ya kiwiliwili, na karibu na chemba, yaani nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kuna taji kadhaa ndogo, maneno NOT ENGLISH MAKE, na vipimo 12, 2½ na 1⅛ OZ.

Binamu zangu wanashikilia kwamba ni ya mwaka 1897 kwa sababu imeandikwa hivyo. Fundi anakisia miaka ya 1930. Naomba kujua mwaka wake, thamani yake, na kama siku moja, nikipewa cheti, ninaweza kuipiga bila kujiumiza.

Karakana_Ngara
Pole kwa msiba. Waambie binamu zako kwamba 1897 ni jina la muundo. Muundo huo ulibuniwa na John Moses Browning kwa kuboresha ule wake wa 1893, na kampuni ya Winchester iliendelea kuutengeneza huko New Haven, Marekani, hadi mwaka 1957, zikatoka bunduki zaidi ya milioni moja. Herufi E inaonyesha toleo la mwisho katika mfululizo wa marekebisho, na ilidumu miaka mingi, kwa hiyo peke yake haisaidii sana. Nambari ya tarakimu sita inayoanza na 4, kwa orodha ninazozijua, inaangukia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi "Model 1897" yanakubaliana na hilo, maana baada ya vita hivyo kiwanda kilifupisha jina likawa "Model 97". Ile alama ya W na P ni ya ukaguzi wa kiwanda chenyewe, nayo ilianza kupigwa mwaka 1905. Kwa hiyo weka bunduki yako kati ya 1905 na mwanzo wa vita.

Mstaafu_Langata
Mzee wa karakana amepita mbio mahali ambapo angepaswa kusimama. Maneno NOT ENGLISH MAKE hayakupigwa kabla ya mwaka 1925. Yaliletwa na kanuni mpya za nyumba za ukaguzi za London na Birmingham, zinazojaribu uimara wa bunduki kabla hazijauzwa, kwa ajili ya silaha za kigeni zilizotaka kuuzwa Uingereza, na yakaachwa kanuni zilipobadilishwa tena katikati ya miaka ya 1950. Bunduki yenye maneno hayo haiwezi kuwa ya 1910. Fundi aliyekisia miaka ya 1930 amekaribia ukweli kuliko sisi.

Karakana_Ngara
Muhuri wa uhamiaji ndani ya pasipoti haukuambii mwenye pasipoti alizaliwa lini, Mstaafu. Unakuambia siku aliyovuka mpaka. Bunduki inaweza kutoka New Haven kabla ya vita, ikakaa Marekani miaka 15 au 20, kisha ikaingia Uingereza na kukaguliwa ndipo iuzwe.

Mstaafu_Langata
Inaweza, lakini nani alikuwa akisafirisha pampu kuukuu kuipeleka Uingereza katika miaka ya 1920, mahali ambapo wawindaji wa ndege walizidharau pampu zote na kubeba za mitutu miwili? Bunduki mpya ningeelewa. Iliyotumika, sioni biashara hapo.

Msomaji_Kilimani
Biashara huenda haikuwapo, lakini vita vilikuwapo. Mwaka 1940, baada ya jeshi la Uingereza kuacha silaha nyingi Dunkirk, raia wa Marekani walichanga bunduki zao za nyumbani, zikiwemo shotgani, ili zipelekwe kwa walinzi wa kujitolea wa Uingereza. Bunduki kuukuu ya namna hiyo, ikiuzwa kwa raia baada ya vita, ilibidi ipite kwenye nyumba ya ukaguzi, nayo ingepigwa maneno hayohayo kwa kuwa kanuni za 1925 zilikuwa bado zinatumika. Kutoka hapo, mlowezi au askari wa zamani aliyekuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940 angeweza kuja nayo.

Mstaafu_Langata
Hadithi nzuri, na haina hata alama moja juu ya chuma inayoithibitisha.

Kanga_wa_Naivasha
Mbona hakuna anayesema jambo lililo wazi? Hii ndiyo bunduki ya mahandaki ya Vita vya Kwanza, ile ambayo Wajerumani waliilalamikia rasmi kwa Wamarekani mnamo Septemba 1918 wakidai ni silaha ya kikatili. Kijana wa Limuru, ukiipeleka mnada wa Marekani utarudi na bei ya ploti.

Karakana_Ngara
Ya mahandaki ilikuwa na mtutu wa inchi 20, kava la bati lenye matundu juu ya mtutu la kukinga mkono dhidi ya joto, na mahali pa kufunga singe. Ya kijana ina inchi 30 na mdomo uliobanwa kabisa (ndiyo maana ya FULL), yaani imeundwa kwa bata na ndege wanaoruka mbali. Isitoshe, za mahandaki zimeghushiwa mno hata huko kwao, kwa sababu kava na mtutu mfupi ni rahisi kupachika juu ya bunduki ya shambani. Kanga, rudi Naivasha.

Kanga_wa_Naivasha
Nimerudi, lakini ploti bado naiona.

Wakili_Upperhill
Tukiwa kwenye suala la bei, naomba tusimpotoshe mwenzetu. Huko Marekani, bunduki ya aina hii ya kawaida, iliyotumika na isiyo na nakshi, huuzwa kwa mamia ya dola, na ni zile za kijeshi zenye ushahidi na zile za daraja la juu zilizochongwa nakshi zinazofika maelfu. Bei hiyo haisafiri. Hapa, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kuiuza kwa mtu asiye na idhini ya kuinunua, huwezi kuitoa nchini bila kibali, na hata anayeipenda kwa moyo wote atafikiria mara mbili kuijaza kwenye cheti chake badala ya bunduki mpya atakayopata vipuri na risasi zake bila shida. Nimewahi kushughulikia mirathi ambapo familia iliandika shotgani ya babu kwa thamani kubwa kwenye orodha ya mali, wakagombana juu yake kwa muda mrefu, na mwishowe hapakuwa na mrithi hata mmoja aliyekubaliwa kuishika. Kwenye orodha yenu ya mirathi iandikeni kwa makadirio ya maandishi kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, wala msitumie picha za minada ya mtandaoni.

Baba mkubwa alihakikiwa na kupewa kitambulisho kipya wakati wenye silaha wote walipotakiwa kuhakikiwa upya, 2018 kuingia 2019? Nakala yake itasaidia kuonyesha kwamba silaha ilikuwa halali hadi mwisho.

Kijana_wa_Limuru
Asante, wakili. Ndiyo, alihakikiwa, na nakala tunayo. Niongeze kwamba fundi anapendekeza chuma kipakwe upya rangi ya buluu na kitako kipigwe msasa na vanishi, eti thamani itapanda.

BintiFundi
Usikubali. Kwa mkusanyaji, rangi ya zamani iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, na msasa juu ya kiwiliwili hula kingo za herufi zilezile mnazozibishania hapa. Ikifutika hata nusu ya zile taji, uzi huu hautakuwa na la kujadili. Safisha kwa mafuta mepesi na kitambaa, basi.

Lakini nashangaa kwamba tunaulizana mwaka na bei huku swali la tatu, ambalo ndilo linaloweza kumtoa mtu jicho, likiachwa. Tazameni ile 2½ iliyopigwa karibu na chemba. Hizo ni inchi za chemba, na ni kama milimita 64. Risasi za kawaida zinazouzwa leo ni za milimita 70, sawa na inchi 2¾. Hatari yake imejificha, kwa sababu urefu wa milimita 70 ni wa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa ndani, kwa hiyo risasi ni fupi na inaingia kwenye chemba fupi bila kizuizi chochote, na pampu inafunga vizuri. Ukifyatua, mdomo unakunjuka mbele na kuingia kwenye koni inayopunguza kipenyo, njia ya marisau, zile chembe ndogo zilizo ndani ya risasi, inabanwa, na shinikizo linapanda kupita lile ambalo bunduki ilikaguliwa kulibeba. Ile 1⅛ OZ nayo ndiyo ukomo wa uzito wa marisau, takriban gramu 32.

Mlenga_Njiwa
Dada BintiFundi, kwa heshima, mimi nimepiga risasi za milimita 70 katika shotgani kuukuu ya mzee wangu kwa miaka mingi, tangu tulipokuwa tukifukuza kanga na kwale mashambani hadi sasa ninapolenga sahani za udongo Kirigiti, na haijawahi kulalamika. Wamarekani waliojenga bunduki hizi walizijenga kwa chuma kingi. Woga huu ni wa Waingereza na mitutu yao miembamba.

BintiFundi
Mzee wangu, sisemi itapasuka leo. Kiwiliwili cha 1897 ni kigumu kweli, na inasemekana baadhi ya zile za mwanzo za geji 12 zilikuwa na chemba ya inchi 2⅝, karibu milimita 67. Tofauti ya milimita tatu mara nyingi huishia kuwa teke kali begani na maganda yanayokataa kutoka. Lakini bunduki isiyolalamika haijakwambia lolote kuhusu ufa ulio ndani ya bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, wala kuhusu kitako kinachopasuka kidogo kidogo nyuma ya chuma. Na je, unajua chemba ya hiyo ya mzee wako ina urefu gani, au unahukumu kwa kuwa risasi inaingia?

Mlenga_Njiwa
Nahukumu kwa kuwa bado nina vidole kumi vya kuandikia jibu hili.

Chuma_cha_Gikomba
Kuna njia ya zamani ya kumaliza ubishi. Ifunge kwenye tairi la gari, itie risasi nzito, funga kamba kwenye kifyatulio, jifiche nyuma ya ukuta na uvute. Ikibaki nzima, ni salama. Kabla ya hapo uning'inize mtutu na kuugonga kwa kijiti; ukilia kama kengele, hauna ufa.

Karakana_Ngara
Kugonga kwa kijiti ni jaribio la bunduki za mitutu miwili, ambapo sauti butu inaonyesha kwamba utepe uliounganisha mitutu umeachia lehemu. Mtutu mmoja wa pampu hauna utepe, na utalia vizuri hata chemba ikiwa imeliwa na kutu. Ama kamba na tairi, hilo ni nusu tu ya kinachofanywa Birmingham. Wao hupiga risasi yenye shinikizo la ziada linalojulikana, kisha wanapima tena kuona kama chemba imetanuka au bolti imelegea. Wewe utapiga kwa shinikizo usilolijua, hutapima chochote, na unaweza kuanzisha ufa utakaomalizikia usoni pa mwenye bunduki wiki ijayo. Na ukumbuke pia kwamba cheti hakimruhusu mtu kufyatua silaha nyuma ya ukuta wa nyumba yake Nairobi.

Fundi apime kwanza: urefu wa chemba kwa kipimo cha chuma, nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi, na kipenyo cha ndani cha mtutu kutoka mwanzo hadi mwisho, ambacho kwa geji 12 ni karibu milimita 18.5. Aangalie kwa mwanga kama kuna uvimbe, hasa karibu na mdomo, na kama pini ya kupigia fataki inarudi nyuma kwa uhuru.

BintiFundi
Naongeza mambo ya bunduki hii hasa, maana 1897 ina tabia zake. Haina kizuizi cha kutenganisha kifyatulio na nyundo, kwa hiyo ukishikilia kifyatulio huku ukisukuma pampu mbele, inalipuka yenyewe mara bolti inapofunga. Wapo wanaolisifu jambo hilo. Kwa mtu anayejifunza ni ajali inayosubiri kidole kilichosahaulika. Pili, haina kitufe cha usalama. Kilichopo ni nyundo kusimama nusu njia, na pembe ndogo inayoishikilia hapo huchakaa. Kwa hiyo chemba ibaki tupu hadi mtu awe amesimama kwenye mstari, mdomo ukitazama kwenye shabaha. Tatu, bolti hurudi nyuma nje ya kiwiliwili na kuisukuma nyundo chini, na mkono ulioshikwa juu mno utachanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Nne, baada ya kuifyatua ikiwa tupu, pampu haitarudi mpaka uisukume mbele kidogo kwanza. Wengi hudhani imekwama na kuanza kuilazimisha.

Marisau yawe ya madini ya risasi, kamwe yasiwe ya chuma cha pua, maana mdomo uliobanwa kabisa wa enzi hiyo hauyavumilii. Risasi za kisasa za kawaida katika mfumo wa Ulaya wa CIP, tume ya kimataifa ya ukaguzi wa silaha, zina ukomo wa shinikizo wa bar 740, na zile za nguvu hufika bar 1050. Hizi za pili zisikaribie kabisa. Risasi za milimita 65 zenye gramu 28 bado zinatengenezwa Ulaya, kwa hiyo muuzaji aulizwe kama anaweza kuziagiza.

Shangazi_Ruaka
Na risasi za geji 20 zisiwekwe kwenye mfuko mmoja na za 12. Ya 20 huteleza ndani ya chemba ya 12, ikapita na kukwama mbele kwenye mtutu, mtu akadhani hajatia kitu, akatia ya 12 nyuma yake. Ndiyo maana viwanda huzifanya za 20 kuwa za njano. Marehemu mume wangu alikuwa akimfukuza mgeni yeyote aliyekuja na rangi mbili mfukoni, hata awe mkubwa wa serikali.

Msomaji_Kilimani
Shangazi, alimfukuza mkubwa gani?

Shangazi_Ruaka
Aliyefukuzwa anajijua.

Safari_Mtwapa
Nimefika nimechelewa kutoka Pwani. Kuna mtu amefikiria kwamba huenda hii ni nakala ya Kichina? Norinco waliutengeneza muundo huu upya.

Karakana_Ngara
Nakala za Norinco zilikuja karibu nusu karne baada ya maneno NOT ENGLISH MAKE kuachwa. Zaidi ya hayo, kijana amesema baba mkubwa alikuwa nayo kabla yeye hajazaliwa. Hiyo tuiweke kando.

Kijana_wa_Limuru
Nashukuru nyote. Leo fundi ameipima mbele yangu, na jibu limezidisha utata. Chemba ina milimita 70 kamili. Mtutu hauna uvimbe, na kipenyo kiko sawa isipokuwa mashimo madogo ya kutu karibu na chemba. Sasa iweje iandikwe 2½ na ipimwe 2¾?

Mstaafu_Langata
Iliongezwa. Mtu fulani, pengine hapa hapa Nairobi katika miaka ya 1960, alichoka kutafuta risasi fupi akampa fundi aichonge ndani. Kwa Waingereza, bunduki iliyoongezwa chemba huhesabiwa kuwa haijakaguliwa hadi ipelekwe tena. Kenya si mwanachama wa CIP, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Msomaji_Kilimani
Au mtutu si wa kwanza. Kiwiliwili ni cha kabla ya vita, lakini kiwanda kilikuwa kikibadilisha mitutu iliyoharibika na kupiga upya nambari ya zamani kwenye kipande cha mbele. Hivyo tunapata nambari zinazolingana, chemba ya kisasa na muhuri wa baada ya 1925, vyote kwa pamoja.

Karakana_Ngara
Hapo umeeleza chemba, hujaeleza kwa nini Birmingham waipime 2¾ na kuipiga chapa ya 2½. Mimi naona ilikuwa 2⅝ tangu New Haven, wakaguzi wakaipa kipimo cha chini kilichokuwa kwenye kanuni zao, na kuchongwa kukaja baadaye, labda kwa zile milimita tatu tu. Ama mwaka, bado nasimama kabla ya vita, ingawa nakiri kwamba orodha zinazochapishwa vitabuni hazilingani na kumbukumbu za kiwanda zilizoko kwenye jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, na tofauti huwa ya miaka.

Mstaafu_Langata
Kwa hiyo hata "kabla ya vita" yako ina mlango wa nyuma.

BintiFundi
Yaangalie maumbo ya tarakimu kwa kioo cha kukuza. Kama 4 ya kwenye kiwiliwili na 4 ya kwenye kipande cha mtutu hazikupigwa kwa chapa moja, Msomaji ana hoja. Mwambie fundi pia atazame koni iliyo mbele ya chemba: mikwaruzo ya mviringo ambayo haikung'arishwa ni kazi ya karakana ya mtaani, maana kiwandani ingesuguliwa. Na yale mashimo ya kutu karibu na chemba yana kina gani? Hilo nataka kulijua kabla hatujazungumzia gramu 28 tena.

Kijana_wa_Limuru
Kina hakupima. Nitamwomba apime Alhamisi, na nitakwenda na kioo.

Mlenga_Njiwa
Ukienda Alhamisi, nami nitakuja na ya mzee wangu. Dada amenitia wasiwasi, ingawa vidole bado ni kumi.